Treni Isiyomwona Chiku

"Bibi, treni ina macho?" Chiku aliuliza.

Jioni hiyo walikuwa kituoni, wanamsubiri Mama arudi kutoka mjini. Bibi alikuwa anamenya chungwa. Mjomba Kondo alikuwa anapiga miayo. Na treni nayo, hiyooo, inakuja!

Wote wakainuka pale kivulini, nyuma ya kibanda cha tiketi. Wakakimbilia mbele.

*Chaka-chaka, chaka-chaka, pooo!*
*Ikaja. Ikapita. Ikaenda zake.*

Walipofika mbele, kichwa cha treni kilikuwa kimeshapita. Chiku alimwona Mama dirishani. Mama alikuwa anapiga kelele, "Tunashuka! Tunashuka hapa!"

Lakini treni imejaa watu, na dereva yuko mbele kabisa. Hakusikia.

"Si haki!" Chiku akasema.

Kituo chao kinaitwa Mkunguni. Ni kituo kidogo, kidogo sana. Kina kibanda kimoja, na reli moja inayotoka mjini.

Dereva akiona watu Mkunguni, anasimama. Asipoona mtu, anapita.

Akipita, Mama anafikishwa mpaka Mwisho wa Reli. Kutoka huko anarudi kwa miguu. Pole pole, pole pole, na viatu mkononi.

Usiku ule Chiku alitaka kumsubiri. Akakodoa macho. Akajifinya shavu. Akaimba.

Wapi! Usingizi ukamchukua.

Asubuhi Mama akamwambia, "Nilikukuta umelala, mwanangu. Nikakubusu hapa, kwenye paji la uso."

Chiku akapapasa paji lake. "Mbona sikusikia? Busu la usingizini halihesabiwi! Si haki!"

Wakamsindikiza Mama kituoni, Chiku na Bibi. Asubuhi ile kivuli cha kibanda kililala upande wa mbele, upande wa reli. Watu wote walisimama hapo.

*Chaka-chaka, chaka-chaka, pooo!*
*Ikaja. Ikapunguza mwendo. Ikasimama.*

Dereva akachungulia dirishani. Jina lake Mzee Semkiwa, na kofia yake ni ya buluu.

Chiku akaweka mikono kiunoni. "Shikamoo! Mbona jioni unampitisha mama yangu?"

"Marahaba, bibie. Jioni? Mbona jioni hapa pana kibanda tu? Simwoni mtu."

"Mimi nipo! Bibi yupo! Mjomba Kondo yupo, na lile tumbo lake!"

"Mnakaa wapi, basi?"

Chiku akafungua mdomo ajibu. Lakini filimbi ikalia, *priii!* Treni ikaondoka na Mama.

Mnakaa wapi, basi? Chiku aliwaza akinywa uji. Aliwaza akifagia. Aliwaza hata akichezea maji, na maji yakamwagika.

Jioni wakaenda tena kituoni. Jua lilikuwa kali, limehamia upande wa pili. Na kivuli nacho kilikuwa kimehama. Sasa kililala nyuma ya kibanda.

Bibi akaenda nyuma ya kibanda. Mjomba Kondo akaenda nyuma ya kibanda. Watu wote wakaenda nyuma ya kibanda.

Chiku akasimama mbele. Akatazama huku. Akatazama kule. Haoni mtu hata mmoja!

"Bibi! Tumejificha!"

"Nani kajificha, mke mwenzangu? Tumekaa kivulini. Njoo ule chungwa."

"Treni haituoni! Inakiona kibanda!"

Mjomba Kondo akacheka. "Ati nitoke juani? Nikauke kama dagaa? Dereva yule ana maringo tu."

"Hana maringo! Ungekuwa wewe dereva, ungemwona mtu aliye nyuma ya ukuta?"

Mjomba Kondo akautazama ukuta wa kibanda.

Kule mbali, reli ikaanza kuimba. *Chaka-chaka... chaka-chaka...*

Chiku akasimama peke yake mbele ya kibanda, nyuma ya mstari mweupe wa kando ya reli. Akanyoosha mkono juu. Akasimama kwa ncha za vidole. Lakini Chiku ni mfupi. Hata nyasi zilimzidi.

"Bibi! Njoo! Mimi mfupi!"

Bibi akaliacha chungwa. Akafungua mwavuli wake wa manjano. Akatoka juani, akasimama kando ya Chiku.

"Haya, Kondo," akaita. "Lilete na hilo tumbo!"

Mjomba Kondo akatoka, kajifunika gazeti kichwani. Mwingine akatoka. Na mwingine. Wote wakasimama juani, wakapunga mikono.

*Chaka-chaka, chaka-chaka, pooo!*
*Ikaja...*

Chiku akashika kanga ya Bibi.

*Ikapunguza mwendo. Ikapunguza tena. Ikasimama!*

Mzee Semkiwa akatoa kichwa nje. "Kumbe mpo!"

"Tupo kila siku!" Chiku akasema.

"Tupo, na tunaungua," Bibi akasema. "Waambie wakubwa wako watujengee paa upande huu."

"Nitawaambia, mama."

"Waambie leo!" Chiku akasema.

Mlango ukafunguka. Akashuka Mama. Alikuwa na viatu miguuni!

Chiku akamrukia. Mama akambusu paji la uso, *mwaa!*

"Hilo nimelisikia," Chiku akasema. "Hilo linahesabiwa."

Usiku ule walikula wote pamoja. Mama akaingia kitandani na Chiku, chini ya shuka moja.

"Mama, treni ina macho?"

"Haina, mwanangu. Dereva ndiye macho yake."

"Ndiyo maana," Chiku akasema, akipiga miayo. "Ndiyo maana inabidi tutoke kivulini."

Mama akataka kumjibu. Lakini Chiku alikuwa ameshalala, mkono wake shingoni mwa Mama.

Kule mbali treni ya mwisho ikapita, pole pole. *Chaka-chaka... chaka-chaka...*

Shhh.

Tafadhali, zima taa.