Mafuta Ndani ya Tembe

Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla mjini, si mahali pa mtu aliyekesha kazini. Wabeba mizigo wanakupiga kikumbo, wauzaji wanakuita huku na huku, na jua nalo halina huruma. Lakini Zaid kichwa kilikuwa kinamgonga, na duka la dawa lilikuwa njiani, basi akaingia na sare yake ya kiwandani, macho mekundu, shati nje. Mbele yake dada mmoja alikuwa anamfokea muuzaji.

"Hizi tembe zimeoza! Ona, zimebanduka usoni zote. Nimpe baba yangu uchafu huu?"

Alivaa gauni la zambarau na gurbaba, kitambaa cha maua, kiunoni, kama wavaavyo wanawake wa Kinubi, na sauti yake ndiyo iliyomwamsha Zaid.

"Hazijaoza, dada. Zilinata kwenye mashine. Kilainishi kilipungua."

Dada akageuka. "Wewe daktari?"

"Daktari wapi! Ninagandamiza tembe kiwandani, Luzira. Hizi si zetu. Zetu zikitoka hivi zinatupwa."

Akamweleza, maana mtu aliyechoka hajui kunyamaza. Kilainishi ni unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Unatiwa kidogo tu, mwisho kabisa, na kukorogwa dakika chache. Ukipungua, tembe zinang'ang'ania mashine na mashine inalia. Ukizidi, tembe haiyeyuki vizuri tumboni.

"Kumbe kazi yako ni kupaka tembe poda."

"Sema hivyo ukipenda."

"Na wewe nani anakupaka? Maana umechakaa, ssebo!"

Zaid alicheka mpaka maumivu ya kichwa akayasahau. Jina la dada lilikuwa Kaltumi, fundi cherehani wa mtaa wa Kisugu. Namba ya simu aliitoa kwa kujivuta, lakini aliitoa.

Wakapendana kwa simu, kwa sababu muda wa kuonana haukuwepo. Huyu anatoka zamu, yule anafungua duka.

"Mpenzi, umelala?"

"Sijalala. Nimefumba macho tu."

"Nimesema nini sasa hivi?"

"Umesema unanipenda."

"Nimesema bei ya nyuzi imepanda!"

"Si ni yale yale?"

Siku ya Zaid kupelekwa nyumbani ikafika. Hajji Abdul-Latif, baba yake Kaltumi, alikuwa mjane anayefundisha watoto Kurani barazani kwake. Alimkaribisha Zaid chai, akamuuliza habari za kazi. Zaid, moyo umechangamka, akaeleza kila kitu hadi kilainishi: kwamba ni mafuta yaliyogeuzwa unga.

"Mafuta ya nini?"

"Yapo ya mawese, Hajji. Yapo na ya wanyama."

"Mnyama gani? Kachinjwa na nani?"

"Hapo sijui, Hajji."

Ee Mola, laiti angekunywa chai yake akanyamaza! Tangu siku hiyo mzee aliikataa dawa yake ya presha. Kaltumi alibembeleza, akalia, akanuna. Mzee hakumeza. Wiki haikuisha, akaanguka akitawadha. Daktari akasema wazi: bila tembe, mara nyingine hatainuka.

Kaltumi akampigia Zaid simu. "Mwambie ni mawese."

"Za kwetu ni mawese, nimeuliza. Lakini dawa ya presha hatutengenezi sisi."

"Nani kakuuliza mnatengeneza nini? Sema tu ni mawese, baba yangu ameze!"

"Kaltumi, nikimdanganya kwenye dawa, atakukabidhi vipi mikononi mwangu?"

"Basi kaa na ukweli wako. Baba akifa, uje nao mazishini."

Akakata. Alimpenda Zaid, na wakati ule ule alimchukia, na kuchukia kulimchosha kuliko cherehani. Zaid alipiga tena na tena, hakupokelewa. Basi usingizi wake wa mchana akautoa sadaka. Kila akitoka zamu alizunguka madukani, akiuliza tembe za presha zililainishwa na mafuta gani. Wengi walimcheka. Mwishowe wakala mmoja wa dawa akampigia mtengenezaji palepale, akampa Zaid simu asikie mwenyewe.

Akaenda Kisugu. Kaltumi alifungua mlango bila salamu.

"Hajji," Zaid alisema, akiweka kiboksi mkekani, "hizi ni za mawese. Nimezungumza na waliozitengeneza, na daktari wako amesema ni dawa ile ile."

Mzee alikigeuza kiboksi, akakiweka chini. "Nitameza kesho."

"Baba!" Kaltumi alipiga kelele. "Kuna sababu gani tena?"

Hajji alikisogeza kiboksi kando kwa kidole. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Nimefundisha dini maisha yangu yote. Mgonjwa ana ruhusa yake, najua. Hata zile za zamani ningeweza kumeza."

"Sasa kwa nini unanitesa?"

"Mama yako alipofariki, wewe ndiye uliyeanza kunipa tembe. Asubuhi na jioni: 'Baba, umemeza?' Huyu akikuchukua kwenda Luzira, nani ataniuliza? Nikaona bora nizoee mapema kukaa bila tembe zako. Nimechoka, mwanangu. Na ninaogopa."

Kaltumi aliketi pale pale sakafuni, akalia bila kujificha. Zaid akasogea karibu na mzee.

"Hajji, sikuja kumwondoa. Mkinikubali, mimi ndiye nitakayehamia Kisugu. Kiwanda kitakuwa mbali, lakini hata nikiwa karibu silali."

Kaltumi akafuta macho kwa ncha ya gurbaba. "Hiyo ndiyo posa? Na shati limefungwa vifungo upande?"

"Wazee wangu watakuja Ijumaa, na shati nitalinyoosha. Unanikubali?"

"Nilikutukana kwenye simu."

"Sikusikia. Nilikuwa nimelala."

"Muongo wewe!"

"Leo tu."

Akacheka katikati ya machozi. "Nimekukubali, banange. Kalale sasa."

"Nipeni hiyo tembe," Hajji alisema, "kabla hamjaanza kulia wote wawili."

Kaltumi akaenda kuleta maji. Zaid akabandua tembe moja, akaitazama kwenye mwanga kwa mazoea ya kazi. Uso wake ulikuwa mzima, hauna pengo. Akamwekea mzee kiganjani, maji yakaja, akasubiri mpaka bilauri iliposhushwa.

"Baba," Zaid akasema, "umemeza?"