Maneno Ishirini na Manne Ukutani

Mwalimu Mwanamvua Kibwana alipuliza filimbi, akakimbia kinyumenyume, akaruka dimbwi la maji bila kuliangalia, na bado akabakiwa na pumzi ya kumfokea golikipa aliyekuwa anakula muwa langoni. Kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo miaka sita nyuma, hayo yalikuwa mambo makubwa. Chini ya bukta yake iling'aa miguu-tembezi: fito nyepesi za chuma zilizomshika kuanzia kiunoni hadi kwenye nyayo. Kichwani alivaa utepe mwembamba uliosoma nia yake ya kutembea na kuipeleka kwenye chuma hata kabla hajamaliza kuwaza.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Springi. Alijifanya hajui.

Kibaha ya miaka hiyo ilikuwa jiji ambamo roboti zilifagia barabara na visafirishi vya angani viliangusha mihogo mabarazani mwa watu, wakati mwingine juu ya watu. Miguu ya chuma haikumshangaza mtu. Kilichowashangaza wachache, hasa mafundi, ni kilichokuwa ndani yake.

Kila chuma chenye akili kina programu-mzizi. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya programu nyingine yoyote, ikakiambia chuma kwamba wewe ni mguu, goti lako liko hapa, usipige teke hovyo. Kampuni ya Tegemeo, iliyotengeneza miguu-tembezi, iliufunga mzizi wake kwa kufuli la haki. Mara moja kwa mwaka miguu iliomba muhuri kutoka makao makuu Dodoma. Ikiupata, inatembea. Ikiukosa, inasimama. Kampuni ilisema kufuli ni la usalama, kwamba mguu unaoendeshwa na programu ya mtaani unaweza kumtupa mtu katikati ya barabara. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata Pazi aliikubali, ingawa kwa kununa.

Pazi Kibwana alikuwa mdogo wake Mwanamvua, fundi mwenye karakana pale Picha ya Ndege. Yeye na mafundi wenzake wa mikoa kumi na moja walikuwa wameandika mzizi-wazi, programu ambayo mtu yeyote angeweza kuisoma, kuikosoa na kuirekebisha. Waliijaribu miaka miwili kwenye miguu ya mfano, ikatembea vizuri. Kilichokosekana ni kimoja. Miguu ya Tegemeo ilikataa programu yoyote isiyotiwa saini kwa ufunguo maalumu, na ufunguo huo waliujua wahandisi watatu tu nchi nzima.

Mmoja wao alikuwa Kalunde Mihayo, Mnyamwezi wa Sikonge. Pazi ni Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani wa jadi. Kwa hiyo, tangu siku walipokutana kwenye semina moja Dodoma, hawakuwahi kuzungumza kama watu wenye akili timamu.

"Mnyamwezi, tua huo mzigo," Pazi alikuwa akimpigia simu. "Nipe ufunguo wangu."

"Nimpe Mzaramo ufunguo? Si utaenda kuuchezea ngoma. Nitakupa siku utakapofanya kazi mpaka saa sita mchana bila kulala."

"Nimefanya juzi."

"Shahidi?"

"Alikuwa amelala."

Aliomba hivyo labda mara arobaini. Na mara zote arobaini alikuwa anautaka kweli.

Kisha Tegemeo ikatangaza kuwa miguu ya toleo la kwanza imestaafishwa na haitapewa muhuri tena. Toleo la pili lilihitaji upasuaji, na daktari alishamkatalia Mwanamvua upasuaji wowote kwa sababu ya moyo wake. Muhuri wake wa mwisho ulikwisha siku ya Jumatano saa nne asubuhi, katikati ya mechi. Miguu ilikaza palepale. Akabaki wima katikati ya uwanja, filimbi mdomoni, hawezi kukaa wala kuanguka. Watoto walidhani anawatania. Wakacheka, wakamzunguka, wakaendelea kucheza huku wakimkwepa kama nguzo. Ilipita saa nzima ya jua ndipo Pazi akafika na spana kumfungua.

Siku ileile Pazi alimpigia Kalunde. Njia nzima kutoka uwanjani alikuwa amepanga maneno ya adabu, maneno ya mtu mwenye shida. Simu ikapokelewa, mdomo ukamtoroka.

"Mnyamwezi, dada yangu amegeuka mnara wa simu. Ndege wameanza kutua. Njoo umbebe, si kazi yenu ya asili hiyo."

Kalunde alicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. "Mtani, ni kweli amesimamishwa?"

"Kweli tupu. Kesho tunamfungia taa."

Baada ya wiki tatu ukaingia ujumbe kutoka kwa Kalunde. Haukuwa na salamu wala maelezo, maneno tu yaliyopangwa safu: *punda kinu usingizi nazi tarumbeta mvua kofia kengele*, na kuendelea hadi yakatimia ishirini na manne.

Pazi aliwasomea wenzake karakanani kwa sauti. "Punda. Usingizi. Nazi. Jamani, mimi nimetukanwa matusi ya jumla." Wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Akauchapisha ujumbe kwenye karatasi, akaubandika juu ya meza yake ya kazi, kati ya kalenda na tangazo la kukataza wateja kukalia betri. Kisha akajibu kwa orodha yake mwenyewe: mzigo, mgongo, jasho, karanga, asali, kamba, na mengine ya namna hiyo, ishirini na manne kamili, asije akashindwa na mwanamke wa Sikonge.

Jibu lilikuwa fupi. "Nimekuelewa, mtani. Usiniulize tena."

Pazi alilisoma mara mbili. Akaona basi, mwenzake kachoka, na shida yake yeye ni mzaha tu kwa watu wa Dodoma. Akaweka simu chini. Hakuomba tena.

Miaka mitatu ikapita. Mafundi wa mikoa kumi na moja walijaribu kuvunja kufuli kwa kila njia, wakaishia kuunguza jozi tisa za miguu. Mwanamvua alikaa barazani. Mwaka wa kwanza aliuliza kila jioni kama kuna dalili. Mwaka wa pili aliuliza Ijumaa tu.

Ndipo ikaja habari kwamba Kalunde amefariki kwa kiharusi, akiwa ofisini.

Pazi alipanda treni hadi Tabora, kisha gari hadi Sikonge, kwa sababu mtani ana kazi msibani na hakuna roboti iliyofundishwa kuifanya. Mashine ya kuchimba kaburi ilipomaliza na kujivuta pembeni, yeye akarukia ndani, akalala chali, mikono chini ya kichwa.

"Haingii mtu humu," akasema. "Huyu mwanamke ananidai usingizi na mimi namdai ufunguo. Leteni ufunguo wangu kwanza."

Waombolezaji wakacheka huku wakipangusa machozi. Ndiyo kazi yenyewe.

"Toka, mtani, tutakupa jogoo," mzee mmoja akabembeleza.

"Jogoo anafungua chuma?"

"Jogoo na mtetea."

"Nimesema ufunguo. Miaka nimeomba, kaninyima mpaka kafa nao. Uchoyo gani huu wa kuzikwa nao?"

Ukingoni mwa kaburi alisimama Nyamizi, binti pekee wa Kalunde, msichana wa chuo. Yeye hakucheka. Aliinama kidogo amwone vizuri.

"Mjomba Pazi, ufunguo gani tena?"

"Wa miguu, mwanangu. Wa mama yako."

"Si alikupa?"

Pazi akatoa mikono chini ya kichwa.

"Alikutumia maneno ishirini na manne," Nyamizi akasema. "Ndiyo ufunguo, ukiuandika kwa maneno. Alisema simu zao zinasikilizwa kazini, hakuweza kueleza. Ukamjibu na wewe kwa maneno ishirini na manne ya utani ili wasishtuke. Alifurahi sana. Alisema huyu Mzaramo ana akili kuliko anavyoonekana."

Kutoka chini, mbingu ilikuwa kipande cha pembe nne, na vichwa vya watu pembezoni vikisubiri jibu la kuchekesha.

"Halafu akawa anaangalia taarifa kila mwezi, kama miguu imeanza kuamka," Nyamizi akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Mara moja tu aliniuliza, hivi mtani wangu aliogopa nini."

Pazi alitambaa akatoka mwenyewe, udongo mgongoni, bila kushikwa mkono na mtu.

"Mtani gani huyu anayetoka bila kubembelezwa?" bibi mmoja akanung'unika. Jeneza likashushwa.

Karatasi ilikuwa palepale ukutani, imepauka, ina doa la grisi kwenye neno la kumi na tisa. Lilisomeka hata hivyo. Pazi aliingiza maneno moja baada ya jingine, akautia saini mzizi-wazi, akausukuma ndani ya miguu ya dada yake iliyokuwa juu ya kabati. Ilichukua dakika nne. Taa ndogo ya gotini ikawaka kijani. Akawatumia wenzake wa mikoa yote programu iliyotiwa saini, kisha akaibeba miguu begani hadi nyumbani.

Mwanamvua aliitazama. Kisha akajishika nyonga.

"Vyuma hivi haviniingii tena, Pazi. Daktari aliniambia mwaka jana. Viungo vimekaza kwa kukaa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa bado unahangaika."

Pazi akamweleza yote, karatasi, kaburi, maneno ya Nyamizi. Dada yake akauliza swali moja tu.

"Kwa nini hukumwomba tu?"

"Nilimwomba, dada."

"Ulimwomba unacheka."

Mwanamvua akanyoosha mkono, akachukua utepe, akauvaa kichwani. Akafumba macho.

Miguu mitupu ikasimama yenyewe katikati ya ua. Ikapiga hatua moja, ya pili, ikazoea. Ikakimbia kinyumenyume, ikaruka beseni la kufulia bila kuligusa, ikazunguka mpapai, ikarudi na kusimama mbele ya kiti chake, magoti yameinama kidogo, kama anayesubiri filimbi.

"Haya," Mwanamvua akasema, macho bado yamefumbwa. "Sema utani wako."

"Leo sina, dada."

"Tazama basi. Siku ninayoutaka ndiyo umekuishia."