Nafasi ya Kezia

Mokeira alikuwa ameinamia rundo la nguo za watoto kwenye kibanda cha Caren, katikati ya soko la Migori, aliposikia mwanamume akiuliza kama gauni jekundu lenye maua lingemtosha mtoto wa miaka miwili na nusu. Akainua macho. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa hadi ikapauka, na alilishika lile gauni kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kuliumiza.

"Litamtosha kabisa," akasema Caren, ambaye kwake hapakuwa na nguo isiyomtosha mtu.

"Halitamtosha," Mokeira akasema kabla hajajizuia. "Hilo ni la mtoto wa mwaka mmoja."

Caren akamtupia jicho la pembeni. "Mwalimu, umekuja kununua ama kunifukuzia wateja?"

Mwanamume akacheka, kicheko cha polepole cha mtu asiyecheka mara nyingi. "Basi nichagulie wewe," akamwambia Mokeira. "Mimi najua friji. Nguo za wasichana zimenishinda."

Mokeira akachimba lile rundo, akatoa gauni la manjano lenye kola nyeupe, akalipima hewani kwa mikono yake. Akauliza jina la mtoto. Kezia. Na mama yake je? Mwanamume akalitazama gauni. Mama yake alifariki Kezia akiwa bado ananyonya, akasema. Mtoto alikuwa Kehancha kwa nyanya yake, mama mzaa mama. Yeye, Ryoba, fundi wa friji, alikuwa amepata nyumba hapa Migori na alitaka kukaa na mtoto wake. Tatizo ni nani angemwangalia mchana akiwa kazini.

Caren hakungoja kuulizwa. "Unayemtafuta umesimama naye. Huyu analea watoto kwake Oruba. Wakizoea hapo, jioni hawataki hata kwenda na mama zao."

"Kuna nafasi?" Ryoba akauliza.

"Iko moja," Mokeira akasema. "Lakini sichukui mtoto kabla sijaonana na watu wake. Kuja Jumapili uone nyumba."

Hakusema hivyo kwa maringo. Tangu afungue daycare nyumbani kwake, alikuwa ameumwa na nyoka mara nyingi kiasi cha kuogopa hata kamba. Kulikuwa na wazazi walioshikilia nafasi kwa maneno matamu kisha wasionekane tena. Kulikuwa na walioleta mtoto Jumatatu na kumhamisha Jumatano, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameacha kulia. Kulikuwa na waliosema watarudi saa kumi na moja na wakaja watoto wengine wote wameshaoga na kulala makwao. Kwa hiyo alijiwekea sheria. Mzazi aje kwanza peke yake. Kisha alete mtoto, akae naye nusu siku mpaka azoee. Siku ya kuanza ikipangwa na asitokee wala kusema neno la kueleweka, nafasi imekwenda.

Jumapili Ryoba alifika kabla ya saa waliyokubaliana, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vinavyong'aa. Alijaribu komeo la geti kama mtoto angeweza kulifungua. Aliuliza watoto wanalala wapi na wanakula nini. Alipoona mlango wa friji ya Mokeira umefungwa kwa kamba, akaenda kwenye pikipiki yake akarudi na bisibisi. Walipokunywa chai, mlango ulikuwa unajifunga wenyewe.

"Ulikuja kukagua au kutengeneza?" Mokeira akamuuliza.

"Nilikuja kuona kama Kezia atapendwa hapa."

"Na umeonaje?"

Ryoba akazungusha kikombe mkononi. "Nimeona atapendwa. Sasa ninamwonea wivu."

Mokeira akainuka kwenda kutafuta sukari, ingawa sukari ilikuwa mezani.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Ryoba alimpigia mchana watoto wakiwa wamelala, akiongea kwa kunong'ona kana kwamba naye yumo chumbani.

"Mwalimu, wamelala?"

"Wamelala. Mbona wewe ndiye unanong'ona?"

"Nisiwaamshe. Umekula?"

"Nimekula mabaki ya watoto. Ndicho chakula changu siku hizi."

"Jioni nitakuletea samaki. Mzima, asiyemegwa na mtu."

"Unajua Mkisii hashindwi na samaki?"

"Na Mkuria hashindwi na Mkisii," akajibu, na Mokeira akajiziba mdomo kwa kiganja asije akawaamsha watoto kwa kicheko.

Katika siku hizo Scovia, muuguzi aliyekuwa akihangaika na kijana wake mdogo, alikuja kuomba nafasi. Mokeira alimwambia imeshachukuliwa. Scovia aliondoka taratibu, mtoto mgongoni, na Mokeira akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Moyo ulimuuma, lakini alikuwa ametoa ahadi.

Jumatatu aliyopangiwa Kezia, Mokeira alitandika kigodoro kipya karibu na dirisha. Saa tatu ikapita. Saa nne akapiga simu.

"Nakuja naye kesho," Ryoba akasema. "Mtoto ameamka na homa kidogo."

"Pole. Mpe maji kwa wingi. Usimfunike sana."

Kesho yake homa ilikuwa haijashuka. Siku iliyofuata, vilevile. Mokeira alimtaja Kezia kwenye maombi ya familia, akamtaja tena kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Kisha Alhamisi akakutana na Caren njiani.

"Huyo fundi wako nilimwona jana," Caren akasema. "Ametoka Kehancha. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, akasema yuko mzima, anakimbiza kuku."

Mokeira alisimama pale kando ya barabara, mfuko wa unga mkononi. Aliporudi nyumbani alimpigia Scovia, akamwambia amlete mtoto. Kisha akamwandikia Ryoba: *Nafasi ya Kezia imekwenda. Usinipigie tena.*

Ryoba hakupiga. Mokeira alijiambia hicho ndicho alichotaka, na kila simu ilipolia aliikimbilia.

Mwezi ulikuwa umekwisha aliposikia kutoka kwa Caren kwamba fundi amechukua kazi Homa Bay, kwenye ghala la baridi la wafanyabiashara wa samaki. "Amekonda, nyathina, mwanangu," Caren akaongeza. "Sikuulizwa, lakini nimesema."

Asubuhi moja watoto wakinywa uji kwenye mkeka, geti likagongwa. Nje alisimama mama mzee aliyejifunga kitenge cha zambarau, mwavuli kwapani. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike mwenye macho makubwa na gauni la manjano lenye kola nyeupe.

"Wewe ndiye Mokeira?" mama akauliza. "Mimi ni Robi. Huyu ni mjukuu wangu, Kezia."

Mokeira aliwakaribisha ndani, akampa mama kiti. Mama hakukaa. Alitazama kuta, mikeka, vikombe vilivyopangwa, kisha akasema bila kumtazama mwenyeji wake, "Ni mimi niliyemzuia. Mkwe wangu alikuja kumchukua Jumapili ile, nikamwambia kesho. Kesho ikifika nasema kesho nyingine. Alikuwa akipanda pikipiki kutoka hapa kila siku, ananikuta nimemshika mtoto hivi." Akamvuta Kezia kwenye kitenge chake. "Binti yangu nimemzika. Sura yake imebaki hapa. Nitaitoaje nimpe mtu nisiyemjua?"

Mokeira akamtazama mtoto. "Aliniambia mtoto ana homa, Mama."

Mama Robi akaketi hatimaye, taratibu. "Basi alinifichia aibu yangu. Hakutaka unione mbaya."

"Kaa na sisi leo," Mokeira akasema. "Usimwache. Kaa tu, uone tunavyoishi."

Mama alikaa. Kezia alishikilia kitenge cha nyanya yake asubuhi nzima, kisha akakiacha kwenda kutazama mpira, kisha akasahau kukirudia. Adhuhuri alijipenyeza mapajani mwa Mokeira bila kualikwa, akalala kidole mdomoni. Mama Robi aliwatazama kwa muda mrefu. Alipoondoka alisema tu kwamba kila Jumapili Ryoba huja Kehancha kutoka Homa Bay kumwona mtoto, na hajawahi kukosa. Jumapili hii tu ndiyo amesema ana zamu.

Jumapili hiyo Mokeira alivaa gauni lake la rangi ya machungwa lililomkaa kiunoni, akafunga nywele kwa kitambaa, akaenda Homa Bay. Hakumpigia Ryoba kwanza. Maneno yao ya simu yalikuwa yameharibika, na alitaka kumwona usoni.

Ghala lilikuwa chini karibu na ziwa. Upepo ulileta harufu ya samaki na magugu maji, na wanawake wenye beseni vichwani walipishana mlangoni. Ryoba alitoka akijifuta mikono kwa tambara. Alipomwona alisimama palepale.

"Mokeira. Kuna nini? Kezia?"

"Kezia ni mzima. Alikuja kwangu na nyanya yake. Alilala mapajani mwangu."

Ryoba akainamisha kichwa. "Basi unajua."

"Najua ulichoficha. Sasa nataka kujua kwa nini ulinificha mimi."

Walikaa kwenye ukuta mfupi unaotazama ziwa. Ryoba alikunja tambara magotini. "Niliona aibu. Baba mzima, siwezi kupewa mtoto wangu. Na yule mama nampenda, amenilelea Kezia tangu mama yake afariki. Ningekuambia ananinyima, ungemchukia. Nikasema kesho atakubali, halafu hutajua kitu."

"Mimi nilimwombea mtoto," Mokeira akasema. "Niliwaita wanawake wa kanisa tukamwombea mtoto aliyekuwa anakimbiza kuku. Ryoba, watu wanachelewa. Watu wanakwama. Ningekushikia nafasi mwezi mzima kama ungesema, Mokeira, nyanya yake amekataa, nisaidie. Ningekuja Kehancha mwenyewe. Lakini uliniweka kwenye kundi la watu wanaodanganywa."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, ndiyo maana nimekuja. Lakini sikia. Ukikwama, niambie umekwama. Usiniambie unakuja."

"Nimekubali."

"Wazazi wote hukubali."

"Mimi sikubali kama mzazi," Ryoba akasema, akaushika mkono wake, na mkono wake mwenyewe ulikuwa wa baridi kutokana na kazi. Mokeira aliuweka katikati ya viganja vyake mpaka ukapata joto.

Wakaanza upya, polepole. Mara kwa mara Mama Robi alimleta Kezia kushinda Oruba, bila nafasi yoyote rasmi, kama wageni wa nyumba. Wakulima wakiwa katikati ya palizi, Ryoba aliomba kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Mokeira, shambani kwao nje kidogo ya Rongo.

Siku yenyewe ilipofika, kuku alikuwa ameshachinjwa na Mzee Nyangau, baba yake Mokeira, ameshavaa koti lake la harusi za watu. Mchana ukasonga. Mokeira alikuwa jikoni akikoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa, simu ikalia.

"Mokeira, nimekwama," Ryoba akasema. Nyuma yake zilisikika kelele za watu. "Mashine imezima na samaki wa watu wamejaa ndani. Nikiwaacha wataoza. Sitafika leo. Sitasema najaribu, sitafika kabisa. Nitakuja Jumapili ijayo. Mzee akiwa karibu, nipe nimwambie mwenyewe."

Mokeira aliegemea ukuta wa jikoni. Alikuwa amejiandaa kuumia, na badala yake kifua kilimfunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akapeleka simu sebuleni.

Baba yake alisikiliza, akaguna, akasikiliza tena. "Samaki wa watu kwanza," akasema mwishoni. "Jumapili basi." Akarudisha simu, akaanza kufungua vifungo vya koti. "Huyo atafaa. Wenzake wangeniambia wako njiani, nikaketi hapa na koti mpaka giza."

Jumapili iliyofuata Ryoba alifika asubuhi, shati jeupe, Mama Robi kando yake na Kezia mabegani. Wazee walipokuwa ndani wakiulizana koo na makabila, Mokeira alimpeleka mtoto nyuma ya nyumba kuona ndama. Ryoba akawafuata.

"Narudi kufanya kazi Migori, na Mama amesema Kezia sasa anaweza kukaa na mimi huko," akasema. "Nafasi kwako imepatikana?"

"Hapana. Wa Scovia bado yuko, na simtoi."

"Najua. Sikuuliza ya mchana. Nauliza kama unaweza kuwa na sisi, jioni na asubuhi pia. Mimi na yeye. Na nyanya yake akija kututembelea bila kupiga hodi."

Kezia alikuwa ameshika kidole cha Mokeira, akimvuta kuelekea kwa ndama. Mokeira alimfuata hatua moja, akageuka.

"Kuja basi," akamwambia Ryoba. "Usibaki nyuma."