Shimo Kando ya Ziwa

Mtu akikosea kwa kufanya vilevile alivyofundishwa na bibi yake, kosa huwa la nani? Niliyatafuta majibu ya swali hilo siku nzima nilipokuwa ugenini, na kwa muda mrefu sikuyapata.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wote, mimi na mdogo wangu Nduku huteremka mtoni kila jioni tukiwa na mitungi yetu. Kwa miezi mingi mto huo huwa mchanga mtupu. Susu, yaani bibi yetu, ndiye aliyenifundisha kuchimba. Unachimba mpaka mchanga uwe na unyevu, unasubiri maji yajikusanye, kisha unayachota na kuyamwaga yale ya kwanza yenye tope. Ya pili huja maangavu. Katika darasa letu lote hakuna aliyenishinda kwa kazi hiyo.

Likizo ya Agosti, Shangazi Nzisa alitualika Uganda. Yeye ni mpishi katika loji moja kando ya Ziwa Viktoria, ambako kila mwaka wafanyakazi huruhusiwa kuwakaribisha jamaa zao kwa siku chache. Mama alibaki kumtunza Susu, aliyekuwa akiumwa goti. Baba, ambaye ni mwashi, alikuwa akizungumza habari za sangara tangu Januari, ingawa hakuwahi kumshika samaki aliye hai.

Tulipofika, tulisimama mbali na maji tukiyatazama tu. Wasswa, nahodha wa mashua ya loji, alitucheka.

"Nyinyi watu wa ukame, sogeeni. Ziwa haliumi."

"Tunalisalimia kwanza," Baba alijibu. "Kwetu maji mengi huja kwa lori, na lazima upange foleni."

Alasiri hiyo Wasswa alitufundisha kutia chambo kwenye ndoana na kutupa mshipi kutoka gatini. Nduku ndiye aliyevua wa kwanza: ngege mdogo kuliko kiganja chake. Wasswa alimtoa ndoanani taratibu na kumrudisha majini.

"Mbona unamtupa?" Nduku aliuliza kwa uchungu. "Kwetu ukishapata kitu hukirudishi."

"Huyo ni mtoto kama wewe. Mwache akue. Kesho asubuhi tutakwenda kwenye kina, kwa baba zake."

Shangazi alikuwa ametuonya tusinywe maji yoyote ila yale yaliyochemshwa, yaliyokuwa jikoni katika dumu la buluu. Lakini jiko lilikuwa juu ya kilima, na Nduku alikuwa na kiu. Baba na Wasswa walikuwa wameinamia mshipi uliojifunga.

"Ngoja," nikamwambia. "Nitakupa maji ya kwetu."

Nilichimba ufukweni, hatua mbili kutoka ukingo wa ziwa. Nilimwaga maji ya kwanza kama ilivyo desturi, nikangoja. Ya pili yalikuja maangavu kabisa. Nduku alikunywa viganja vinne.

"Ni matamu kuliko ya nyumbani," alisema, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi iliyofuata Nduku alikwenda msalani mara tatu kabla ya chai. Alirudi akiwa ameshika tumbo.

"Usimwambie Baba," alininong'oneza. "Tutaachwa."

Nilijua alichosema ni kweli. Nami pia nilikuwa nimeingoja mashua hiyo miezi minane. Nilimfunga jaketi la kuokolea maisha, nikamshika mkono hadi gatini.

"Huyu mdogo ana nini leo?" Wasswa aliuliza. "Jana alikuwa kasuku."

"Usingizi tu," nikajibu.

Tulipanda. Injini ikanguruma. Baba alikuwa ameketi mbele na ufito wake wa kuvulia, akitabasamu kama mtoto. Nduku aliniegemea, na nilihisi mkono wake ukiwa baridi, midomo yake imekauka. Wasswa alisema tungerudi saa sita mchana. Ulikuwa muda wa saa tano juu ya maji, na katika mashua hiyo ni mimi peke yangu niliyejua alichokunywa.

"Baba, tusiende," nikasema. "Nduku anaharisha. Jana nilimchimbia shimo ufukweni nikampa maji. Nimedanganya kuhusu usingizi."

Wasswa alizima injini tukiwa bado gatini. Baba aliuweka ufito chini, akamnyanyua Nduku.

Katika zahanati, muuguzi aliuliza alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi. Nilijibu yote, nikamweleza na jinsi tunavyochimba mtoni kwetu. Alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, kisha dawa.

"Pale ufukweni watu hufua na bata huoga," alinieleza. "Shimo lililo hatua mbili tu kutoka ukingoni lina maji ya ziwa lilelile. Hata ya mtoni kwenu myachemshe. Mchanga huzuia tope, lakini vijidudu vingine hupita."

Alasiri Nduku alilala mkekani barazani, tayari akiomba chapati. Shangazi Nzisa alikuwa akimenya ndizi za matoke karibu yake. Nilimuuliza swali langu.

Alimenya ndizi mbili kwanza.

"Susu alikufundisha yafaayo mto wake, Mutanu. Ziwa hakuwahi kuliona. Wewe mgeni ulionywa, ukajiona unajua zaidi, na hilo ni funzo. Lakini kosa lenyewe ni pale ulipomwona mwenzako anaumwa ukanyamaza ili usipoteze raha yako. Asiyejua huelekezwa. Anayeficha, tutamsaidiaje? Umesema ukiwa umechelewa, lakini umesema kabla hamjafika kwenye kina. Ndiyo maana mtoto anaomba chapati."

Jioni Wasswa alipanda kilimani hadi pale barazani.

"Mashua itatoka tena keshokutwa," alimwambia Baba. "Lakini kuna wageni wengine. Nimebakiwa na nafasi mbili."

"Siku yetu ya mwisho," Baba alisema. Aliwaza kidogo. "Muuguzi amesema Nduku akiamka vizuri kesho, keshokutwa atakuwa mzima. Hata hivyo Mutanu ndiye mkubwa. Mutanu, utakuja nami."

Nduku aligeuka akatazama ukutani.

Akilini nilimwona yule sangara niliyemwota tangu Januari, mrefu kuliko mimi, akipita chini ya mashua bila mimi. Iliniuma, wala sikujifanya haikuniuma. Nikasimama mbele ya Baba, Wasswa na Nduku.

"Baba, Nduku ndiye atakayekwenda nawe," nikasema. "Mimi nitabaki gatini nivue ngege."