Nilimsimamisha Dada Yangu Kama Mke Wangu Nipate Nyumba ya Baharini

Kama kuna mtu Kitengela nzima aliyekuwa na haki ya kusema hakuna kitu kwa hii dunia kinaweza kumshangaza, huyo mtu ni mimi. Niko na miaka hamsini na sita. Shule niliacha darasa la tatu, na waliofika kidato cha nne wamekuja kwangu kuomba kazi ya kupakia mawe. Nimeibiwa lori na mzigo wake, nikalifuata mpaka nikalipata. Nimedanganywa na mawakili, na wachungaji, na shemeji zangu wawili, na wote niliwaweza. Kwa hivyo msisome haya mkidhani ni mambo ya mjinga.

Nilianza kuchonga mawe Kitengela na nyundo moja na tindo moja. Kufikia katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na vijana ishirini na wawili kwa timbo, shimo la kuchimba mawe, na lori yangu mwenyewe. Nyumba nyingi za mawe mnazoona pale zilitoka kwa hii mikono. Nilinunua eka tano kwa mzee mmoja Mmaasai, nikajenga, nikamleta mke wangu, Mama Mwende, kutoka Machakos. Nani alinisaidia? Hakuna.

Kwa zile eka tano ndipo tulimzika mtoto wetu wa pili, Musyoka. Alikuwa na miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku mbili tu... Mama Mwende alizungushia kaburi mawe niliyochonga mwenyewe, na kila Jumapili akitoka kanisani alipita hapo kung'oa nyasi kabla hajabadilisha nguo. Mimi sikuwa napita. Nilikuwa na kazi.

Mwaka wa tisini na nane kifua kilianza. Vumbi ya mawe, miaka ishirini, inakaa mahali. Daktari aliniambia niache timbo nitafute hewa safi. Wiki hiyohiyo dereva wangu akarudi kutoka Pwani na habari ya nyumba inauzwa, ng'ambo ya feri ya Mombasa, vyumba vinne, kuta za mawe ya matumbawe, bahari unaiona ukiwa umekaa kwa baraza. Laki moja na themanini.

Jameni, laki moja na themanini! Hiyo pesa Kitengela ilikuwa inakupa ukuta na geti, na geti lenyewe kuukuu.

Nilimwambia mke wangu tunauza kila kitu tunahama. Hakuruka kwa furaha wala kwa hasira. Huyo mwanamke hajui kuruka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini ni rahisi hivyo, Baba Mwende?"

"Kwa sababu watu wa huko hawajui bei."

"Na Musyoka tutamwachia nani?"

Nilimjibu maneno ambayo leo ningelipa kuyarudisha mdomoni. Nilimwambia, "Wafu hawahami."

Siku ya tatu akasema twende tuione basi, isiwe ni kubishana na kitu hatujaona. Tulienda. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja mzee, Bi Mwanahawa, alikuwa anahamia kwa binti yake. Alitupa maji ya madafu, akatuonyesha kila chumba, hata ule uliokuwa unavuja. Mimi nilitoa nyundo ndogo niliyokuja nayo, nikagonga kuta moja baada ya nyingine nikisikiliza. Jiwe zuri linalia kama kengele. Hizo zililia. Nilijua nimepata.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu watu husema nilitapeliwa. Sikutapeliwa! Yule mama aliniambia ukweli wote, kwa Kiswahili safi, mbele ya mke wangu.

"Mwanangu, mie nakuuzia nyumba," alisema. "Ardhi si yangu. Ardhi ina mwenyewe, yuko Mombasa. Kila mwezi humpa kodi yake ya ardhi, shilingi mia mbili."

Mama Mwende akamuuliza, "Na siku akiitaka ardhi yake?"

"Atakupa muda, uondoe nyumba yako. Ndiyo desturi yetu. Lakini mie nina miaka thelathini hapa, sijaondolewa."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mama, nyumba ya mawe inaondolewaje? Mtu anaibeba kwa kichwa?"

"Hubomolewa, mwanangu. Mwenye nyumba akachukua mawe yake."

Niliona ni hadithi za kina mama. Mtu anawezaje kuwa na nyumba na asiwe na chini yake? Kwetu ukinunua, umenunua, mpaka kwa mchwa walio ndani ya udongo. Na mia mbili kwa mwezi ni nini? Mimi nilikuwa nawapa vijana wa timbo zaidi ya hiyo kwa siku moja ya chai.

Njiani kurudi mke wangu alisema, "Umesikia alivyosema."

"Wewe ulisomea wapi sheria?"

"Kwa mdomo wa yule mama. Kilikuwa Kiswahili, hakikuwa Kijerumani. Siuzi shamba langu la Kitengela nikapange kwa udongo wa mtu."

Shamba lake... Hapo ndipo nilikasirika. Lake? Hati ilikuwa na jina la nani?

Lakini hati peke yake haikutosha. Kuuza shamba kule kwetu lazima mfike Kajiado, wewe na mke wako, mbele ya wazee wa bodi ya ardhi, na yeye aseme kwa mdomo wake kwamba anakubali. Waliweka hivyo kwa sababu ya wanaume wanaouza kila kitu wakaja kuwaacha watoto kwa barabara. Mimi nilidhani sheria hiyo ni ya walevi. Mimi sinywi.

Nilikuwa nimeshapata mnunuzi, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Laki nne na ishirini na tano kwa eka zote tano, pesa taslimu. Mama Mwende akasema Kajiado haendi hata akifungwa kamba. Nikaenda kwa dada yangu, Mueni.

"Mimi nisimame kama bibi yako?" alisema. "Wewe umerogwa. Mama akisikia atatoka kaburini na mwiko."

"Ni dakika tano tu."

"Dakika tano za aibu ni miaka mingapi?"

Nilimpa cherehani mpya ya kukanyaga. Akauliza tunaenda siku gani. Siku ya bodi alivaa leso ya kichwa kama ya mke wangu, na kitambulisho cha mke wangu nilikitoa mwenyewe kwa kabati. Mzee wa bodi alimuuliza kama anakubali shamba liuzwe. Akasema anakubali. Halafu mzee, kwa wema tu, akamuuliza, "Mama, Mungu amewapa watoto wangapi?"

Mueni akajibu haraka, "Mmoja tu."

Ni kweli, aliye hai ni mmoja. Lakini Mama Mwende hajawahi kujibu hivyo hata siku moja. Kila akiulizwa husema wawili. Nilitia kidole kwa wino, nikakiweka kwa karatasi, nikatoka nje kununua soda.

Mke wangu alijua siku wapimaji walifika na kamba zao na kuanza kugawa shamba. Aliwakuta wamesimama karibu na kaburi wakiuliza kama yale mawe yanatolewa. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaja pale nilipokuwa nafunga godoro kwa lori.

"Wanasema kuna mwanamke alikubali kule Kajiado," alisema. "Wanasema ni mke wako."

Niliendelea kukaza kamba ya godoro.

"Basi huyo ndiye utaenda naye baharini."

Hakulia. Afadhali angelia! Nilimwambia akae na kaburi lake, tuone kama litamlisha. Niliwasha lori nikaenda. Yeye alipanga chumba karibu na soko la Kitengela akaanza kuuza githeri ya mahindi na maharagwe. Binti yetu Mwende, ambaye alikuwa ameshaolewa, aliniandikia barua ya mistari miwili. Sitawaambia ilisema nini.

Nawaambia bahari ni nzuri, sitadanganya. Kifua kilitulia. Kila asubuhi nilikunywa chai nikitazama maji, nikajiambia, unaona? Wote walikuwa wajinga. Lakini mtu kama mimi hawezi kukaa kwa nyumba ndogo watu wakimpita bila kugeuka. Nikaamua kujenga ghorofa juu. Na kwa mawe gani? Mawe ya huko niliyadharau. Nilibeba mawe ya Kitengela kwa lori yangu, safari kumi na moja, mpaka ng'ambo ya feri. Majirani walikuwa wakikaa kwa baraza zao wakihesabu safari.

Kijana wa kukusanya kodi ya ardhi alikuja akiwa na adabu zake zote.

"Mzee wangu, ghorofa hairuhusiwi mpaka umwone mwenye ardhi."

"Mwambie mwenye ardhi aje anione yeye. Mimi ndiye niko na mawe."

"Mawe si neno, mzee. Neno ni pale yanapolala."

Nilimfukuza. Bi Mwanahawa mwenyewe alitumwa na majirani kuja kuniomba nisiendelee. Nilimwambia ameshakula pesa yake, aniache. Yule mama aliniambia ukweli mara mbili, na mara mbili nilimtukana.

Barua ilikuja mwaka wa elfu mbili na tatu. Ardhi yote, nyumba tisa, imeuzwa kwa mtu anayetaka kujenga hoteli. Miezi mitatu.

Nilienda Mombasa kwa mwenye ardhi nikiwa tayari kupigana. Nilikuta mzee mwenye kanzu, akanikaribisha kahawa, akanisikiliza nikipayuka mpaka nikaishiwa na pumzi. Halafu akasema polepole:

"Bwana, sijakunyang'anya nyumba. Nyumba ni yako. Chukua nyumba yako."

Ningefanya nini? Wakili niliyemlipa aliniambia maneno yaleyale, kwa Kiingereza, kwa bei ya juu. Na nikiwa nimekaa pale kwa ngazi za huyo wakili ndipo akili ilinifikia. Kwani timbo yangu ilikuwa kwa shamba la nani? Miaka ishirini nilikuwa nanunua mawe kwa lori kutoka kwa shamba la Mmaasai mwingine, si yule aliyeniuzia eka tano. Mawe yangu, udongo wake. Siku alipotaka malisho yake nilikusanya nyundo nikahamia kwa jirani yake, na hata sikununa. Hiyo desturi nilikuwa nayo mkononi maisha yangu yote! Mimi, mtu wa mawe, nilienda kushangazwa na mambo ya mawe.

Majirani wanane walibomoa taratibu, wakachukua milango, mbao na mabati, wakaenda kujenga mbele kidogo. Wanajua kazi hiyo. Ghorofa yangu nilibomoa mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekubali kunisaidia, na sikuwa nimewapa sababu. Vumbi ikarudi kwa kifua. Mawe ya Kitengela hakuna aliyetaka hata kwa bure. Yale mengi niliyaacha pale.

Nilirudi Kitengela elfu mbili na nne. Eka zangu tano zilikuwa zimekatwa ploti, kuna watu na antena na mbwa. Ploti moja tu ilikuwa tupu. Wanunuzi walikuwa wakiona kaburi wanarudi nyuma. Nilimtafuta yule mfanyabiashara wa ng'ombe nikitegemea ataniuzia kwa huruma. Alitabasamu.

"Hii nimekuwekea wewe," alisema. "Nilijua utarudi, na najua huwezi kuchagua nyingine."

Nilienda kwa Mama Mwende sokoni nikasimama kama mteja. Nilimwambia nataka kununua ile ploti. Aliendelea kukoroga sufuria.

"Kwa jina la nani?"

"Lako."

"Basi nitakuja Kajiado mwenyewe. Dada yako apumzike."

Niliuza lori. Hati ikatoka na jina lake. Nilidhani siku hiyo atasema nirudi tukae pamoja. Alinishukuru kama vile mtu hushukuru fundi, akaweka hati kwa mkoba, akapanda gari. Amejenga chumba kimoja pale, anaishi karibu na mtoto wake. Mimi napanga upande wa pili wa barabara. Ananisalimia tukikutana. Mueni naye na mke wangu hawajawahi kuongea tena mpaka leo, na hiyo dhambi ni yangu, si ya cherehani.

Ndugu zangu mnaosoma, bei ikiwa rahisi uliza kwa nini, na ukijibiwa usicheke. Aliyekuambia ukweli si adui yako. Na mke wako akisema hapana, hiyo ndiyo sauti yake. Usiende kukodisha sauti nyingine ikuambie ndiyo... Nawasihi. Mimi nilikuwa na eka tano, mke, dada na jina. Sasa niko na kikohozi.

Ile ploti ya futi hamsini kwa mia, iliyo na kaburi la mwanangu ndani, kwa lile shamba la eka tano nililouza lote kwa laki nne na ishirini na tano, nililipa shilingi laki nne, elfu sabini na tatu, mia mbili na hamsini.