Alama Nyekundu Mlangoni

Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki, hapa hamna chembe ya uongo. Mtaa wetu ulikuwa na kuta nyembamba kiasi kwamba ndoto ya jirani ilivuja ikaingia kwako.

Siku wakazi na manispaa walipokutana kupanga kuutengeneza upya, ukumbi wa shule ulifurika. Fundi cherehani, gauni lake la samawati likipepea, akaikanyaga ramani iliyotandazwa sakafuni.

"Dada, umesimama juu ya nyumba yenu," mpima ardhi, kijana wa manispaa, akamwambia.

"Basi nipimie vizuri, nisije nikalala barabarani."

Moyo wa kijana ulidondoka. Sisi tukadhani ni kiti kimeanguka.

Kila jioni wakawa wanatembea pamoja, wakipanga mtaro upite wapi, miti ikae wapi. Kijana aliandika orodha, sisi wakazi tukapaka alama milangoni: kijani, nyumba inakarabatiwa; nyekundu, inavunjwa kupisha barabara.

Asubuhi moja fundi akakuta alama nyekundu mlangoni kwa mama yake. Mama alikuwa ameshaanza kufunga vyombo.

Kijana alipiga simu mara saba. Ya nane fundi akapokea.

"Laazizi, kuna nini?"

"Laazizi wako ni hiyo barabara. Kaioe."

"Yenu niliandika kijani, nakuapia."

"Kauambie mlango."

Siku tisa kijana alipekua makabati ya ofisi. Siku tisa cherehani haikulia, na mawingu yalishuka hadi kwenye mabati kuuliza kulikoni. Siku ya kumi kijana akaja, shati limekunjamana, akaitandaza orodha mbele ya mama.

"Namba kumi na nne, mama. Kijani. Na sikuja kwa ajili ya nyumba tu. Nimekuja kumposa binti yako."

Fundi akaikanyaga karatasi, taratibu. "Sasa nimesimama wapi?"

"Kwetu."

Ile nyekundu? Upinde wa mvua uliinama mno, ukadondosha rangi.

"Upinde wa mvua," anasema fundi. Kumbe amesimama nyuma yangu muda wote huu. "Babu, kopo la rangi la upande wetu alipewa nani?"

"Kijani iliniishia, mjukuu wangu. Kurudi ukumbini kuchukua nyingine ni mbali. Nikasema alama ni alama."

Hakucheka. Akanipa brashi.

Adhabu yangu ndiyo hii: milango ya nyumba zinazobaki ni arobaini, yote inataka kijani. Niko kwenye mlango wa ishirini na mbili. Mama yake ameleta kiti, ananionyesha sehemu nilizoruka bila kupaka.