Mpira Kwenye Breki ya Mkono

Mshonaji alikuwa na kidole gumba kibovu. Miaka ishirini ya kushika mkasi ilikuwa imekimaliza. Kutwa nzima alikata mapazia na sare za shule, na jioni kidole kiliwaka kama kimeguswa na pasi. Hata hivyo, kazi ya nguo aliimudu. Kilichomshinda ni kitufe cha breki ya mkono cha gari lao kuukuu. Kila asubuhi alikibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili huku akiuma midomo.

Mumewe alikuwa seremala, mtu asiyependa kupeleka kitu kwa fundi mwingine. Siku moja alibandika kipande cha mbao juu ya kitufe kwa gundi. Kisha akazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mkono wa breki, ukikikandamiza kitufe ndani. Mkewe akajaribu. Breki ikaachia kwa kuguswa tu.

“Sasa hata paka anaweza kuendesha,” seremala alisema, akicheka.

Mshonaji alishukuru, lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha. Zamani akivuta breki aliisikia ikikwaruza, ka-ka-ka. Sasa ilipanda kimya, kama droo iliyopakwa sabuni. Mara mbili alitaka kumwambia mumewe, mara mbili akameza maneno. Utamwambiaje mtu kwamba zawadi yake inakutia hofu?

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko. Gari liliegeshwa juu, karibu na mlango, likitazama chini. Huko chini, penye ukuta, baba mkwe wake aliweka kiti kila alasiri akaota jua. Miguu yake ilikuwa mizito, na masikio yake mazito zaidi.

Alasiri moja mshonaji alirudi na marobota mawili ya vitambaa. Alivuta breki, akaacha gari bila gia, kama mumewe alivyomfundisha. Seremala alishikilia kwamba gia ni ya kwendea na breki ni ya kusimamia. Akaingiza robota la kwanza ndani. Alipotoka kuchukua la pili, alisimama ghafla. Tairi la mbele, aliloliacha nyuma ya mfuniko wa mtaro, sasa lilikuwa limeukanyaga.

Hakuna aliyeligusa gari. Na bado lilikuwa linasogea, polepole, kama mtu anayenyata.

Aliruka kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki ya mguu. Gari likasimama. Akapiga honi mfululizo. Mzee akainua mkono.

“Nimekuona, mwanangu. Karibu,” alisema, akafumba macho tena.

Mshonaji akaendelea kukanyaga breki na kupiga honi. Jirani yao, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spana, akatoka akifuta mikono.

“Dada, honi hiyo unampigia nani? Ukuta?”

“Breki haishiki. Nikitoa mguu, linamfuata Baba.”

Mama Spana hakuuliza la pili. Aliburuta jiwe kubwa akaliweka mbele ya tairi. Akamwambia atie gia ya kurudi nyuma, kisha aondoe mguu taratibu. Gari likatulia. Mshonaji alibaki ameshika usukani, hawezi kushuka.

Seremala aliporudi kutoka kazini, Mama Spana alimwonyesha ule mpira.

“Shemeji, ndani ya mkono huu kuna meno, na kuna ulimi wa chuma unaoshika hayo meno. Kazi ya kitufe ni kuunyanyua ulimi. Mpira wako unakibonyeza kutwa kucha, basi ulimi haushiki kitu. Ni sawa na kufunga mlango huku umelifunga komeo kwa kamba lisitoke.”

“Mbona siku zote gari limesimama?”

“Siku nyingine ulimi hukwama kwenye ncha ya jino. Hiyo ni bahati, si breki.”

Seremala alitazama chini alikokaa baba yake. Alisema alitaka tu mkewe asiumie.

“Nilihisi tangu siku ya kwanza,” mshonaji alisema. “Niliogopa kukuvunja moyo.”

“Bora ungeuvunja.”

Mama Spana alikata mpira na kubandua mbao. Akamfundisha mshonaji kuvuta mkono wa breki juu kidogo kwanza, ndipo abonyeze, kwa sababu ulimi ukipunguziwa mzigo, kitufe hulegea. Mshonaji akajaribu kwa kidole kimoja. Hakikuuma. Fundi akaeleza kwamba kitufe kikiwa kigumu kinaomba kusafishwa, hakiombi kufungwa. Kesho yake aliufungua mkono wa breki, akausafisha, akakaza waya wake.

Seremala alichonga kabari mbili za mbao ngumu za kuzuia matairi. Siku hizi, kwenye mteremko ule, gari huachwa ndani ya gia, breki imevutwa, kabari zimewekwa. Kiti cha mzee kimehamishiwa ubavuni mwa nyumba, naye hunung’unika kwamba jua la huko halijaiva. Na mshonaji hubeba marobota yake hadi ndani bila kugeuka.